Risasi Zilizolala Frijini

Tangu Jumanne, chini ya nyumba ya Ctibor Koutný hakuna mlio. Yeye amekaa jikoni, kikombe cha kahawa mbele yake, na anasikiliza kitu ambacho hakipo. Kwa miaka kumi na saba mlio ule umepanda kutoka chumba cha chini kupitia mbao za sakafu, mpaka akaacha kuusikia, jinsi mtu anavyoacha kuyasikia mapigo ya moyo wake. Mkono wa chuma unashuka. Mkono wa chuma unapanda. Ganda moja la shaba linakuwa risasi na kuanguka kwenye bakuli la bati. Alikuwa akinywa kahawa yake kwa mdundo huo bila kujua. Sasa kahawa inapoa mkononi, na nyumba nzima imekuwa kama stesheni ambayo treni ya mwisho imeshapita.

Mwenye mlio ule ni Zdislava, mkewe. Ana miaka hamsini na sita, ni mpishi wa shule ya msingi ya Dolní Javorka, na watoto mia tatu na themanini wamekula kwa mkono wake kila siku ya shule kwa muda mrefu kiasi kwamba baadhi yao sasa wanawaleta watoto wao. Wote humwita shangazi. Siku za Jumamosi shangazi huyo hujifunga mkanda mpana kiunoni, huweka bastola upande wa kulia na magazini tano za risasi upande wa kushoto, na kwenda kwenye machimbo ya zamani ya mawe nje ya mji, ambako klabu imejenga uwanja wa shabaha.

Aliyeanza mchezo huu ni Ctibor. Siku hizo bado alikuwa dereva wa treni, na mwenzake mmoja wa reli alimvuta akajaribu. Alimchukua Zdislava siku moja ili amshikie koti. Baada ya miezi miwili Ctibor alikuwa ameshachoka kukimbia na goti lake bovu, na koti alikuwa amelishika yeye.

Ni mchezo usio na huruma kwa mtu mmoja wala kwa mwingine. Unasikia mlio wa saa ya mwamuzi, unachomoa bastola, unakimbia kutoka kizuizi hadi kizuizi, unapiga karatasi na vyuma, magazini ikiisha unabadili huku unakwenda. Mwisho alama zako zinagawanywa kwa sekunde zako. Mwenye jicho la tai lakini mzito wa miguu ataanguka chini ya orodha, na mwenye haraka asiyelenga atamkuta hukohuko. Zdislava alikuwa na jicho. Karatasi zake zilitoka na matundu mawili mawili katikati, yamekaribiana kama macho ya bundi. Kilichomsumbua ni saa.

Risasi zake alizitengeneza mwenyewe, kama wengi pale, kwa sababu anayefyatua maelfu kwa mwaka hawezi kutegemea za dukani, na kwa sababu risasi ya dukani imetengenezwa kwa ajili ya kila mtu, maana yake si kwa ajili ya mtu yeyote. Ganda lililotumika linasafishwa, linatiwa fataki mpya kitakoni, linapimiwa baruti, linavikwa kichwa, linabanwa. Ukiuvuta mkono mmoja, umepata risasi moja.

Katika nyumba ile kulikuwa na sheria moja tu: mtu aliye kwenye mashine haongeleshwi. Sheria hiyo ilizaliwa na kosa la Ctibor. Mwaka wa tatu wa mchezo alichungulia mlangoni akauliza anunue hamira au ipo. Zdislava akajibu kuwa ipo, kwenye kopo la bluu, na alipokuwa anajibu, ganda moja lilipita bila kupata baruti. Wiki mbili baadaye, katikati ya mashindano, bastola ilitoa kishindo kidogo kama kikohozi cha paka, na kichwa cha risasi kikakwama ndani ya mtutu. Mwamuzi alikuwa macho. Alipiga kelele ya kumsimamisha kabla kidole hakijavuta mara ya pili. Angevuta, mtutu ungepasuka mkononi mwake. Zdislava alirudi nyumbani, akaandika kwenye kipande cha boksi neno KIMYA, akakipigilia misumari juu ya ngazi. Tangu hapo Ctibor hakushuka wakati mkono wa chuma unafanya kazi, hata siku bomba la bafuni lilipopasuka. Alisubiri, maji yakimfika kwenye soli, mpaka mlio ulipokoma.

Mwaka jana, mwezi wa Mei, chama cha mchezo kilitangaza kwamba kitapeleka timu ya wanawake waliovuka miaka hamsini kwenye mashindano ya Ulaya. Nafasi zilikuwa tatu. Kungekuwa na mashindano manne ya kuchuja, Juni, Agosti, Oktoba na Machi, na kila mtu angehesabiwa matatu yaliyo bora.

Barua ya chama ilimfikia Zdislava siku ileile. Aliisoma, akaikunja, akaiweka kwenye droo ya visu. Ctibor, aliyeishi naye miaka thelathini na mbili, alijua kuwa mambo mazito yote ya nyumba ile hukaa kwenye droo ya visu. Hati ya kiwanja ilikaa humo. Barua ya daktari kuhusu goti ilikaa humo.

Wawili wa kwanza walijulikana kabla hata ya kuanza. Hao walikuwa na daraja lao peke yao. Nafasi ya tatu ilikuwa kati ya Zdislava na Bohdana Sklenářová, daktari wa meno kutoka Olomouc, mwanamke mrefu asiyecheka, aliyebadili magazini kama anayeng'oa jino: mara moja, bila majadiliano.

Mwenyekiti wa klabu, Přemysl Vrba, kijana wa miaka thelathini na kitu mwenye mdomo usiofungwa komeo, alimtazama Zdislava akifanya mazoezi akauliza mbele ya watu wote, "Shangazi, tukupimie kwa saa au kwa kalenda?"

Watu walicheka. Zdislava naye alicheka, akamwambia kwamba yeye Přemysl alipokuwa darasa la pili alikula sahani tatu za madonge ya plamu akatapika kwenye viatu vya mwalimu, na hilo nalo halikuhitaji kalenda. Lakini usiku ule alilala chali, macho wazi.

Hapo ndipo alipoanza kupunguza baruti. Hesabu yake ilikuwa rahisi, na wengi wameifanya kabla yake. Baruti ikiwa kidogo, bastola hairuki sana. Isiporuka, inarudi upesi kwenye shabaha, na risasi ya pili inawahi. Ila mchezo una mpaka wake. Uzito wa kichwa cha risasi huzidishwa na mwendo wake, na jibu, wanaloliita namba ya nguvu, lisishuke chini ya mia moja ishirini na tano. Katika kila mashindano makubwa waamuzi hukuchukulia risasi chache bila taarifa na kuzifyatua juu ya kipima mwendo. Ukiwa chini ya mpaka, alama zako zote za siku ni sifuri.

Julai, kwenye joto la kukaushia nyasi, Zdislava aliteremka mpaka mia moja ishirini na saba, akasimama hapo. Bastola ikawa pole kama ng'ombe wa maziwa. Nyakati zake zikaanza kushuka.

Ctibor alikuwa amekaa kwenye benchi la klabu siku ile, soseji mkononi. Alisema, kwa sauti ya mtu anayepita tu, kwamba angekuwa yeye angeacha nafasi kidogo, kwa sababu vitu vya chuma na vya moto vina tabia zake. Zdislava alikuwa anahesabu sekunde zake kwenye karatasi. Hakuinua kichwa.

"Treni yako ilikuwa na reli, baba," akasema. "Mimi sina."

Benchi zima liliangua kicheko, Přemysl kwa sauti kuliko wote. Ctibor alitabasamu na wenzake, akamaliza soseji, akafuta haradali kidoleni. Neno lile alikwenda nalo nyumbani, akalitunza kama mtu anavyotunza changarawe ndani ya kiatu.

Katika mchujo wa Juni Zdislava alikuwa wa nne. Agosti, na risasi zake laini, alikuwa wa tatu, mbele ya Bohdana. Oktoba ndipo mambo yangekaa sawa.

Wiki ya Oktoba baridi ilishuka mapema. Asubuhi ya Alhamisi Ctibor aliamka akakuta nyanya za mwisho bustanini zimegeuka nyeusi, na bomba la maji la nje limevaa ndevu za barafu. Alisimama pale na koti juu ya nguo za kulalia, akakumbuka jambo ambalo mwili wake ulilijua kuliko kichwa. Miaka thelathini aliendesha treni za mizigo kuvuka milima, na kila mwaka asubuhi ya kwanza ya jalidi ilimfundisha upya: dizeli inanata, breki zinasitasita, kila kinachowaka kinawaka kwa uvivu. Baruti nayo huwaka. Kichwa cha risasi kitatoka polepole zaidi, na kutoka mia moja ishirini na saba hadi mpaka si safari ndefu.

Chini, mkono wa chuma ulikuwa unafanya kazi. Zdislava alikuwa anamalizia risasi za Jumamosi kabla ya kwenda kazini. Ctibor alishuka ngazi moja, ya pili, ya tatu. Kipande cha boksi kilikuwa usawa wa macho yake. KIMYA. Alisimama hapo mpaka akahesabu milio kumi na miwili, akarudi juu.

Alijiambia kuwa ni sheria. Lakini jioni walikula supu ya kitunguu saumu pamoja, mashine imelala, Zdislava ana kijiko mkononi na masikio wazi, na yeye akazungumzia bei ya kuni.

Jumamosi uwanja wa mashindano, mbali na nyumbani, ulikuwa mweupe kwa jalidi. Risasi zililala usiku kucha ndani ya buti la gari, nje ya nyumba ya wageni. Kwenye kituo cha tano cha kufyatulia mwamuzi alimwomba Zdislava risasi nane, akazitia kwenye mfuko wenye jina lake. Baada ya saa moja wakamwita kwenye meza ya kipima mwendo. Ctibor alisimama nyuma ya kamba. Hakuhitaji kusikia namba. Aliiona kwenye mabega ya mkewe, jinsi yalivyoshuka kidole kimoja, kisha yakapanda tena na kukaa palepale. Mia moja ishirini na tatu na nukta tisa. Wakafyatua nyingine, kama kanuni inavyotaka. Mia moja ishirini na nne kamili.

Zdislava aliwashukuru waamuzi. Aliweka sahihi. Alimaliza vituo vitatu vilivyobaki, ingawa alama zake sasa hazikuhesabika, na kwenye kituo cha mwisho aliziba matundu ya risasi za wenzake kwa vibandiko vya gundi kama kawaida, karatasi kwa karatasi.

Njia ya kurudi ni saa mbili.  Shindano hilo moja lilikuwa limeungua, kwa hiyo matatu yaliyobaki yote yangehesabiwa, na Machi hakungekuwa na pa kujificha.

"Nilijua," Ctibor akasema.

Zdislava hakugeuza shingo. "Ulijua nini?"

"Baridi. Alhamisi nzima nilijua. Nilishuka mpaka ngazi ya tatu, nikarudi."

"Kwa sababu ya sheria?"

Angeweza kusema ndiyo. Ilikuwa karibu, kama tawi la kushika.

"Kwa sababu ya reli," akasema.

Alimwona akitafuta maana, kisha akaiona maana ikifika. Zdislava alimwambia asimame kwenye kituo cha mafuta. Alishuka, akakaa ndani muda mrefu, Ctibor akidhani huenda anampigia simu binti yao aliye mjini Brno aje amchukue. Alirudi na kahawa mbili. Alimpa moja.

"Lile neno halikuwa la kusema mbele ya watu," alisema. "Sasa nisikilize, baba. Sheria ni ya mkono ukiwa kwenye mashine. Mezani una mdomo. Utumie, hata kama nitakuuma." Akanywa. "Na kesho ondoa kabichi kwenye droo ya chini ya friji. Naihitaji."

Ndivyo majira ya baridi yalivyoanza. Risasi zililala kwenye droo ya kabichi, hamsini hamsini, kila kopo limeandikwa siku na kipimo. Jumamosi zilisafirishwa kwenye boksi la samaki lenye barafu, mpaka jirani akauliza kama akina Koutný sasa wanauza kambare. Ctibor, aliyekuwa hana kazi tangu astaafu, akawa mtu wa kipima mwendo: alikaa kwenye kiti cha kukunja ndani ya theluji, akaandika namba kwa penseli, maana wino uliganda. Mkewe aliongeza baruti kidogokidogo mpaka risasi iliyolala baridini ilipotoa mia moja na thelathini bila kusitasita. Hapo akafunga kipimo, na hakukigusa tena.

Lakini bastola ilirudia kuruka. Sekunde alizozinunua kwa baruti alizirudisha zote, na Januari alikuwa mzito kama mwaka wa kwanza.

Aliyeona mlango wa kutokea ni Ctibor, na hakuuona uwanjani. Siku moja goti lilikuwa na nafuu akaenda shuleni kumchukua, akafika mapema, akasubiri karibu na dirisha la kugawia chakula. Watoto walipita mstari mmoja, sinia mkononi. Zdislava aligawa supu. Ctibor alimtazama kwa dakika kumi kabla hajaelewa anachokitazama. Mkewe hakuutazama upawa hata mara moja. Upawa ulipokuwa bado unamwaga supu kwenye bakuli hili, macho yake yalikuwa yameshatua kwenye bakuli linalofuata, na mkono ulikwenda tu kule macho yalikokwisha kufika. Hakuharakisha kitu. Mstari ulikwenda kama mto, na wala tone halikuanguka.

Uwanjani hakufanya hivyo. Uwanjani alifyatua, kisha akabaki kutazama tundu lake, kama mtu anayerudi kuhakikisha amefunga mlango.

Jioni, mezani, Ctibor aliutumia mdomo wake. Alisema maneno machache sana: "Unazitazama sahani ulizokwisha kujaza."

Zdislava aliweka uma chini.  Halafu akainuka bila kumaliza viazi, akaenda kwenye korido.

Korido ile ilikuwa uwanja wake mpaka Machi. Kila jioni, bastola tupu, imekaguliwa mara mbili, risasi zote zimefungiwa chini, alisimama kwenye zulia kuukuu la bibi yake na kuhamisha macho kutoka kitasa hadi swichi, kutoka swichi hadi picha ya harusi. Macho kwanza, mkono baadaye. Kisha magazini: mkono wa kushoto ulikwenda mkandani kabla ile tupu haijagusa zulia. Ctibor, akiwa jikoni, aliisikia ile tupu ikianguka, puf, na mara ile nyingine inaingia, chak. Mwanzoni kati ya puf na chak mtu angeweza kuvuta pumzi. Februari puf na chak zilikuwa neno moja. Ngozi ya kidole gumba ilichubuka, ikapona, ikachubuka. Alifunga plasta ya bluu ya jikoni, akaendelea.

Machi theluji ilikuwa bado imelala kwenye vivuli vya machimbo. Usiku wa kuamkia shindano waliziacha risasi ndani ya buti kwa makusudi. Mezani kwa waamuzi kipima mwendo kilisema mia moja na thelathini na nukta mbili, na Zdislava alisoma namba ile kama mtu anayesoma saa ukutani, akaenda zake.

Mpaka kituo cha mwisho Bohdana alikuwa mbele kidogo. Kilikuwa kituo kirefu, risasi ishirini na nane, kubadili magazini mara mbili. Bohdana alikwenda kwanza, sekunde kumi na tisa na nukta nne, safi. Zdislava alisimama kwenye mstari, akajifuta viganja kwenye suruali. Saa ikalia.

Ctibor hakuzitazama shabaha. Alitazama kichwa cha mkewe. Kilikuwa kinageuka kabla ya bastola, kila mara kabla ya bastola, kidogo tu, kama anayetafuta mtoto anayefuata kwenye mstari. Magazini ya kwanza ilianguka kwenye tope, na nyingine ilikuwa imeshaingia. Kwenye kona ya mwisho mguu uliteleza. Alipiga goti moja, akafyatua palepale chini, akainuka. Kumi na saba na nukta nane. Risasi moja ilikuwa pembeni, nyingine zote zilikuwa mahali pake.

Walisubiri hesabu kwenye hema, miguu imeganda. Matokeo yalipotoka, Zdislava alikuwa wa tatu kwa jumla, Bohdana wa nne, na kati yao haikufika hata asilimia moja. Bohdana alikuja, akampa mkono, akaushika muda kidogo.

"Sekunde hizo umezitoa wapi, mwenzangu?"

"Jikoni," Zdislava alisema, na daktari wa meno, kwa mara ya kwanza tangu afahamike kwenye uwanja ule, akacheka. Přemysl Vrba alimletea shangazi soseji na haradali, na safari hii hakuwa na mzaha.

Jumanne ya wiki hii gari la timu lilimpitia alfajiri. Alibeba boksi mbili za risasi, kipimo kilekile. Kabla ya kuondoka alimwonyesha Ctibor kabichi kwenye friji, imerudi kwenye droo yake, akamkumbusha asiile yote siku moja. Jana alipiga simu. Huko ni nyuzi joto thelathini na tatu, alisema, na kwa risasi zile bastola inaruka kama mbuzi.

Ctibor alimuuliza kama alizijaribu kwenye joto, maana wao walijaribu baridi tu.  Zdislava akasema kwamba Aprili alizipanga juu ya boila wiki nzima, yeye Ctibor akiwa kwa daktari wa goti, na zote alizipima. Baridi ilikuwa imemfundisha mara moja, na hakutaka somo lilelile kutoka upande wa pili.

"Ungeniambia," Ctibor akasema.

"Nakuambia sasa, baba."

Kipande cha boksi bado kipo juu ya ngazi. Leo ni Ijumaa. Zdislava yuko Ugiriki kwenye mashindano ya Ulaya, katika kundi la saba la wafyatuaji, na kituo chake cha kwanza kinaanza saa tatu asubuhi.